Usiniulize Naenda Lini

Juzi nilimkuta kijana mmoja pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kapanda juu ya stuli anabandika pamba kwenye mti wa plastiki. Pamba yenyewe ni hii ya hospitali, ya kufutia vidonda. Jua la saa saba lilikuwa linachoma kichogo, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko, na kila akibandika tonge moja juu, mawili yanadondoka chini maana gundi imeyeyuka. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo ni nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Theluji," akasema. "We hujui Krismasi?"

Naijua. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mhariri wetu ametutaka sote tunaoandika humu tumletee kitu cha msimu, tena akasisitiza kiwe cha kuchangamsha. Samahani, mhariri. Mwenzio nimejaribu. Nimesikiliza nyimbo, nimezunguka madukani, nimesimama barabarani natazama taa zinazowaka na kuzimika kama macho ya mlevi, na moyo umekaa palepale, mithili ya gari lililoishiwa mafuta Jangwani. Tarehe zinasonga, 10, 12, 15, furaha haiji. Sasa nimechoka kuzuga. Nasema wazi: sina raha na Krismasi hii, na nadhani wengi wenu mnaosoma hapa hamna vilevile, ila mnaona haya kusema.

Nianze na hiyo pamba, kwa sababu hata mimi mikono yangu si safi. Kazi inayonipa ugali ni kuchapa na kutoa kopi katika kibanda cha stesheneri. Ikifika Desemba wanakuja wenye baa, wenye saluni, wenye makanisa mapya, wote wanataka mabango. Na kwa mikono hii hii nimemwaga theluji Sinza, nimeimwaga Mabibo, nimeimwaga mpaka Mbagala, tele, mpaka mashine inadai wino. Mwaka juzi nilijaribu kuleta ubishi kidogo. Mwenye baa mmoja alitaka bango la mkesha, nikamwekea maua mekundu ya mkrismasi. Mti huo mnaujua. Mwaka mzima umekaa kimya kando ya barabara unatoa kivuli, hakuna anayeusalimu, halafu mwaka ukielekea kuisha unalipuka mwekundu kuanzia kileleni hadi matawi ya chini, bila umeme na bila kuombwa na mtu. Watu wa nchi hii waliutazama wakaupa jina la sikukuu wenyewe, hawakuagizwa na duka lolote. Basi yule bwana akalitazama bango langu, akasonya. "Hii siyo Krismasi, hii miti tu. Niwekee yule mzee mwenye ndevu." Nikamwekea mzee mwenye ndevu, na kofia yake ya manyoya, na sahani ya kitimoto mkononi. Akafurahi, akanilipa.

Msinielewe vibaya, sipigi vita ugeni. Huo mkrismasi nao ni mgeni, kwao ni Madagaska, na umepokelewa vizuri. Kinachoniudhi ni kitu kingine. Mnamo Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Habari zilipochapishwa London mwaka uliofuata, msomi wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika hata kwa siku moja, alibisha kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, mmisionari kaona vibaya. Haya. Desemba ya mwaka uleule wa 1848 gazeti la Illustrated London News likatoa picha ya Malkia Victoria, mumewe wa Kijerumani na watoto wao wamezunguka mti uliopambwa, na Waingereza wakaanza kuiga. Kwa hiyo wakati theluji yetu ya kweli inakataliwa kule, mti wao ndiyo kwanza unafunga mizigo kuja huku. Na mpaka leo tunaubandikia pamba. Barafu yenyewe ya mlima, zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na mimi mtoto wa Kibosho, niliyekuwa nikitoka nje asubuhi kunawa uso naiona pale juu, nalipwa kuchora theluji ya Ulaya kwenye bango la baa. Si kichekesho hiki?

Lakini ya pamba ni ya kucheka na kupita. Kidonda kiko kwingine.

Kidonda ni swali. Desemba ikibisha hodi tu, kila unayekutana naye, awe konda, mama ntilie au fundi viatu, anakutupia: "Vipi, unaenda lini?" Haulizi kama unaenda. Anauliza lini. Na ukiwa Mchaga ndiyo basi tena. Watani wetu wanajua kwamba mwisho wa mwaka Dar inapumua kwa sababu sisi tumepanda mlima, foleni zinapungua na maduka yanafungwa. Utani wenyewe naupenda. Ila ukiwa na shilingi mia saba mfukoni, utani unakata kuliko wembe. Mchaga hakosi hela, ndivyo wanavyosema. Mimi ninazikosa, tena kwa bidii zote. Nimesoma, nimehangaika, nimeandika hadithi zilizosifiwa na watu kumi na wanane, na kodi ya chumba bado naidaiwa.

Serikali inatuhesabu kila baada ya miaka 10. Katika sensa ya 2022 tulikuwa watu 61,741,120. Kijijini wanatuhesabu kila Desemba, na kule hawahesabu vichwa. Wanahesabu mifuko inayoshuka kwenye gari. Wanahesabu kilo za mchele, madumu ya mafuta, vitenge vya mama wadogo na shangazi, kreti za soda, na kama ni wewe utakayenunua mbuzi au ni mdogo wako aliyeishia darasa la saba. Halafu usiku, mbege ikishazunguka, linakuja la mwisho, linatolewa na mzee ambaye hana ubaya wowote, anataka kujua tu: "Kwa hiyo kijana, siku hizi uko wapi hasa?" Hilo "hasa" ndilo linaloua. Mwenzako amejenga. Mwenzako ana gari. Wewe uko wapi, hasa?

Hebu fungueni Injili ya Luka, sura ya pili. Tumeisikia mara nyingi mpaka imekuwa kama mvua juu ya bati. Yusufu hakwenda Bethlehemu kula sikukuu. Alikwenda kwa sababu Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe, kila mtu arudi mji wa kwao. Sensa! Kijana fundi seremala anafunga safari na mchumba mjamzito (punda hayumo katika Luka, tumemwongeza wenyewe), anafika mji wa ukoo wake, na nafasi hakuna. Kwa ukoo wake mwenyewe, jamani! Huwa najiuliza kama walimtazama mikono kwanza. Na walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili, ile ambayo sheria ya Musa ilimruhusu mtu asiyemudu mwanakondoo. Luka ameliandika hilo bila kuona haya. Hiyo ndiyo familia tunayoiadhimisha kwa kukodi magari.

Sisemi kwa mafumbo. Rafiki yangu, fundi simu, alikodi gari dogo siku nane ili aonekane nalo kwao. Aliegesha chini ya mgomba, baba yake akapigwa picha ameegemea boneti, watoto wa jirani wakaandika majina yao kwenye vumbi. Januari jamaa aliuza friji. Februari akauza kitanda, akawa analala kwenye mkeka na picha ya baba yake imebandikwa ukutani. Nilimcheka sana. Baadaye nikanyamaza, maana mimi nilikuwa nimefanya baya zaidi. Mimi sikwenda kabisa.

Miaka mitatu mfululizo. Kila mwaka uongo uleule: "Mama, kazini wamenibana, mwisho wa mwaka hesabu ni nyingi." Hesabu za stesheneri! Hesabu gani, za kalamu? Mama anaitikia tu, "Haya baba, Mungu akusaidie." Desemba iliyopita, tarehe 22, nilijipiga kifua nikamtumia shilingi elfu thelathini na tano kwa simu. Nikajiona dume. Haikupita nusu saa, simu ikalia, zile fedha zimerudi kamili, ina maana makato kayabeba yeye. Nikampigia.

"Mama, mbona umerudisha?"

"Hiyo iongezee nauli uje. Mimi pesa sikukuomba, baba."

"Sasa mama, nije na nini?"

"Uje na miguu."

Kesho yake nikaenda stendi ya Mbezi alfajiri. Kama hujawahi kufika pale tarehe 23 Desemba, hujaona binadamu. Mabegi, ndoo, majogoo yamefungwa miguu, watoto wamelala juu ya magunia ya mchele. Mpiga debe mmoja akaninong'oneza bei, mara mbili ya nauli, na kiti chenyewe ni ndoo iliyogeuzwa katikati ya basi mpaka Moshi. Nikasema hapana. Ila nisiwadanganye, maana nimekuja hapa kuacha uongo. Ningeweza kwenda kwa kuunga, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, kidogo kidogo, watu wanafanya hivyo kila siku. Nilirudi chumbani Mabibo kwa sababu ya aibu. Ile ndoo ilinipa kisingizio. Siku ya Krismasi nilifunga mlango, nikajifanya sipo. Mchana mama mmoja wa Tanga, Mwislamu, tunayepanga naye nyumba moja, akagonga na sahani imefunikwa. "Nimeona jiko lako halijawashwa," akasema, "na leo siku yenu." Pilau. Hakuniuliza mbona sijaenda. Nilikula nimesimama.

Sasa nakuja kwetu, sisi washikaji wa kalamu, na hapa sitaki tuoneane huruma. Chukueni kurasa zetu za Desemba zilizopita, hizi zetu na za wenzetu. Hadithi ni zilezile. Kijana anarudi kijijini na gari, mama analia kwa furaha. Yatima anapewa zawadi na tajiri mwenye moyo. Mlevi anaokoka saa sita kamili usiku, kengele zinalia. Kuna moja niliisoma, mwandishi simtaji ni rafiki yangu, ambapo familia nzima ya Temeke imekaa inaota moto, nje ukungu umetanda. Temeke! Desemba! Ukiwasha moto ndani Temeke mwezi Desemba majirani wataita polisi.

Yuko wapi katika hadithi zetu yule binti wa kazi aliyeambiwa na mama mwenye nyumba, "wewe utakwenda Januari, sikukuu tuna wageni"? Yuko wapi mlinzi wa ghala anayeusikiliza mkesha kwenye redio ya mfukoni, amegeukia ukuta ili bosi akipita asione? Yuko wapi mtu aliyezika Novemba, na sasa kila anayekutana naye anamwambia heri? Hawa wote tunawajua. Tunapanga nao, tunapanda nao daladala moja. Tunawaruka kwa sababu hawachangamshi. Na huo uongo wetu unafanya kazi, msidhani ni mchezo. Mtu amefunga mlango tarehe 25 anasoma kurasa zetu, anaona dunia nzima inacheka, anaamini yeye peke yake ndiye mbovu. Nilikuwa huyo mtu. Nilikuwa na toleo la jarida mkononi, nilisoma hadithi ya kijana na gari, na mwandishi wake alikuwa mimi. Niliiandika Septemba, nikiwa nadaiwa kodi.

Najua yuko atakayesema huku ni kukosa imani. Nimeshaambiwa hivyo, tena na mtu aliyevaa suti mpya siku hiyo hiyo. Mimi namrudisha kwa Luka. Wachungaji kule makondeni waliingiwa na hofu kubwa kwanza, habari ya furaha ikafuata, na hata ilipofuata waliondoka kwa haraka kwenda kuona kwa macho yao. Hakuna aliyewaambia wacheke papo hapo kwa kuwa tarehe imefika. Mwingine atasema Krismasi ni ya watoto, tusiwaharibie. Hapo nakubali. Nilikuwa mtoto, naikumbuka vizuri: viatu vipya nambari mbili zaidi ili vikae mwaka mzima, mbele vimeshindiliwa karatasi, moshi wa ndizi na nyama unatoka jikoni tangu usiku, sisi watoto tumerundikana kwenye benchi la kanisa, tunanuka mafuta ya nazi. Ile ilikuwa furaha, na sikuwa na senti.

Lakini katika kumbukumbu hiyohiyo kuna kitu ambacho mwaka huu kimenikaa kooni. Kuna mjomba alikuja kutoka Dar mwaka mmoja na begi dogo, dogo sana, kama la mwanafunzi. Hakuleta kitu. Alilala kule nyuma jikoni kwa bibi, akasema vyumba vya mbele vina joto, na alfajiri ya tarehe 26 akaondoka kabla watu hawajaamka. Sisi watoto tulilichukua lile neno "begi" likawa jina lake. Mjomba Begi. Tulimwigiza anavyotembea, na wakubwa walicheka, na aliyemwigiza vizuri kuliko wote nilikuwa mimi. Hakurudi tena Desemba yoyote mpaka alipoletwa kuzikwa.

Kwa hiyo ninapolalamika kuhusu kuhesabiwa, mjue nilishakuwa karani wa hiyo sensa nikiwa na miaka tisa.

Mhariri, nimemaliza, na wala sijachangamsha. Ukitaka kukata, kata pale kwenye pamba. Ya Mjomba Begi niachie, kwa sababu nataka mtu wa kwao aisome. Wenzangu, mkiniona mjini wiki hii msiniulize naenda lini. Tiketi ninayo, nimeikata tangu Novemba kwa nauli ya kawaida, kiti cha nyuma kabisa juu ya tairi. Furaha bado sina, nasema kweli, tumbo linanikata kila nikifikiria pale kwenye njia ya kuingia kihambani, macho yote yanashuka kwenye mikono. Mchele sitabeba. Mbuzi atanunua mdogo wangu. Jana nilimpigia mama kumuuliza anataka nini, akafikiri kidogo, akasema redio yake imezimika tangu wiki iliyopita, kama nitakumbuka nimletee betri mbili zile kubwa. Nimeshazinunua. Ziko hapa mezani.